Mtani Aliyekuja Kukusanya Vikopo

Nianze na vikopo, maana bila vile vikopo sina la kusimulia. Vilikuwa vya bati, vidogo, vyenye mfuniko wa kubana, kila kimoja kimebandikwa karatasi ya namba. Walitugawia sie wanawake wa Temeke nyumba kwa nyumba, wakatuambia tuvirudishe kesho yake asubuhi vikiwa na choo. Choo hichohicho unachokifikiria. Kidogo tu, kama kokwa ya zambarau. Cha mama kwenye kikopo cha mama, cha mtoto kwenye kikopo cha mtoto, na tusichanganye.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nami nilikuwa mke mbichi bado. Nimetokea Kipawa, nimeolewa Temeke, nina mtoto wa miezi minane mgongoni. Shule niliishia darasa la pili. Mdomo wangu haukuwa na darasa, ulikuwa unajiendea wenyewe. Nilikuwaga hivyo, na sijapona.

Wenye vikopo walikuwa watu wa vyuo viwili. Kimoja cha ng'ambo, huko Ulaya kwenye baridi. Kingine cha Uganda, ambako vijana wetu wa Tanganyika waliofaulu sana walikuwa wakipelekwa kusomea udaktari, kwa kuwa hapa kwetu hakikuwepo chuo cha namna hiyo. Vyuo hivyo vilikubaliana: wa ng'ambo walete daktari wao mkubwa pamoja na hadubini za kuonea wadudu, wa Uganda watoe wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaojua kusema na watu, kisha wote pamoja watafute safura. Safura yenyewe tuliijua kwa sura. Mtu anapauka kama karatasi, miguu inavimba, anachoka kabla hajashika jembe, mjamzito anatafuna udongo wa ukuta mpaka nyumba inatoboka. Tusilolijua ni kwamba yote hayo anayaleta mdudu, na mdudu mwenyewe anajificha kwenye kile kilichotakiwa ndani ya kikopo.

Mjukuu wangu wa kike yuko chuo kikuu cha afya hivi sasa, na nampa sifa zake mbele ya watu wote, anayenuna anune. Anasema wana ushirikiano na vyuo vya nje. Wanakaa kwenye meza ndefu, chupa za maji mbele yao, wanatia saini, wanapigwa picha. Namwambia, ushirikiano mie nimeuona ukifanyika uani kwangu, na picha haikupigwa kwa sababu mmoja wao alikuwa amefungwa kwenye nguzo.

Aliyefungwa ni mmoja wa wale wanafunzi wa chuo cha Uganda, aliyepangiwa mtaa wetu. Siku ya kwanza alikuja na kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, soksi mpaka magotini, mizani ya kupimia watoto begani, kapu la vikopo mkononi. Mama mkwe wangu alikuwa akitwanga muhogo. Yule kijana akasimama mbali kidogo, kwa adabu zote.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wa wapi wewe?”

“Tabora, mama.”

“Tabora kuna watu wengi. Wewe wa watu gani?”

“Mnyamwezi.”

Mama mkwe akaulaza mchi chini polepole, kama mtu aliyeona kuku wa jirani kaingia chunguni mwenyewe. Akatugeukia.

“Wanawake, wapagazi wamerudi.”

Yule kijana hakupepesa jicho. Akatua kapu lake. “Nimekuja kuchukua mzigo wa babu yangu. Aliutua hapa akaenda kunywa maji, kurudi akakuta Wazaramo mmeshaupigia ngoma.”

Basi ikawa vicheko mpaka mtoto wangu akaamka.

Kwa asiyejua nitasema: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Zamani, misafara ilipokuwa ikiteremka kutoka bara, babu zao walipita kwa babu zetu wamejitwika mizigo, wakagombana, wakapatana, wakaachiana ruhusa ya kutukanana daima. Mtani unamnyang'anya kofia, unamzibia njia mpaka atoe fidia, unamwambia maneno ambayo ungemwambia mtu mwingine mngefikishana kwa jumbe, mkuu wa mji, naye haruhusiwi kukasirika. Akifiwa, wewe ndiye wa kumchimbia kaburi na wa kumchekesha pembeni mwa kaburi.

Sasa fikiria mwenyewe. Ungemkabidhi vipi kijana wa watu, msomi, kaptula nyeupe, kopo la choo chako? Ungekufa kwa aibu. Lakini mtani? Kesho yake asubuhi tulipanga foleni.

“Shika urithi wako huo,” nikamwambia.

“Mzito kuliko akili ya mwenyewe,” akajibu, akaandika namba.

Hata watoto walipimika. Kina mama walikuwa wanaogopa jicho, hawataki mgeni amtazame mtoto amwambie mnono, mzuri, kesho mtoto anaharisha. Huyu wetu akimtundika mtoto kwenye mizani anamtazama kwa huzuni, anasema, “Mbaya jamani. Huyu hata fisi angemrudisha.” Mama anacheka, anaondoka na moyo mweupe, ratili za mtoto zimeshaandikwa.

Alipozoea akatuambia lililokuwa rohoni mwake. Kila mwaka, kwenye mapatano ya vile vyuo, mwanafunzi mmoja wa Uganda alichukuliwa kwenda kusoma mwaka mzima kwenye chuo cha ng'ambo. Mwaka ule zamu yake ilikaribia. Daktari mkubwa alikuwa anamwangalia jinsi anavyofanya kazi na watu, na barua yake ndiyo ingesema aende au asiende.

“Kwa hiyo mnanishika roho,” akasema. “Mkiniharibia, mmenimaliza.”

“Tutakuharibia,” mama mkwe akamwambia. “Unadhani tumeacha kutwanga kwa ajili ya nini?”

Akacheka. Nasi tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka sana.

Siku tuliyomharibia ilikuwa Jumanne. Alikuja kapendeza kupita kiasi, viatu vyeusi vinang'aa, akatukuta wanawake sita tunatwanga na kuchekecha unga wa muhogo. Akasema kumbe Wazaramo wanajua na kazi, alidhani tunazaliwa tukiwa tumeshika manyanga ya ngoma. Hapo mie nikainuka nikaikwapua ile mizani, nikakimbia nayo ndani nikaisukumia uvunguni.

“Toa fidia,” nikamwambia mlangoni.

“Sina.”

“Hana,” nikawaambia wenzangu.

Wakamdaka. Mmoja kiatu cha kulia, mwingine cha kushoto, soksi zikaenda kwa jirani. Mama mkwe akamwagia unga kichwani ungo mzima, akawa kama mzimu. Tukamfunga kwenye nguzo ya banda kwa kanga mbili, na yeye anatutukana kwa Kinyamwezi kwa sauti ya juu, neno baada ya neno, sie tunamwitikia kama wimbo.

Ndipo motokaa ya daktari mkubwa ikasimama.

Daktari mkubwa alikuwa mrefu, mwekundu, masikio makubwa. Mtu mwema, sisemi kinyume. Kiswahili alikisomea kitabuni na alikitamka kimoja kimoja kama anayevuka mto juu ya mawe. Alimwona mwanafunzi wake peku, kafungwa, kajaa unga, amezungukwa na wanawake wenye michi.

“Mna-mfanya ni-ni mtu huyu?”

Mama mkwe wangu, na hapa ndipo nilipojua kwamba mdomo wangu una mwenzake, akamjibu bila kucheka, “Tunataka kumla.”

Yule mzungu akawa mweupe kama yule wa unga. Akatupenya akafungua zile kanga mwenyewe. Mtani akajaribu kumweleza, “Bwana, hawa ni watani, hawana neno,” lakini alikuwa anacheka mpaka machozi, na machozi yamechora mistari kwenye unga, na daktari akadhani kijana amepatwa na wazimu wa hofu. Akamfunika koti lake. Akampakia. Mizani niliitoa uvunguni nikampa mwenyewe kwa mikono miwili, nimepiga goti. Hakunitazama.

Motokaa ilipoondoka tulibaki tumesimama. Halafu mmoja akaguna, akashindwa kujizuia, tukaanguka wote juu ya mkeka. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Hatukujua tulichokifanya.

Alhamisi ndipo tulipojua. Tulikuwa tumeletewa mwanafunzi mwingine tangu Jumatano, kijana wa Bukoba, mpole, sauti ya kanisani. Watu wa Bukoba na sie hatuna utani hata wa dawa. Basi tukamtendea vile mgeni anavyotendewa. Kiti cha pekee kikatoka ndani. Dafu likapasuliwa. Kila aliyepita akampa salamu zake kamili, za nyumbani, za safari, za wazee. Alipogawa vikopo tulivipokea kwa mikono miwili. Na asubuhi yake tukamrudishia.

Vyote vilikuwa vimeoshwa. Vinameta. Mmoja alikisugua chake kwa mchanga mpaka namba ikatoka. Hakuna aliyeweza, jamani. Kijana wa watu, mpole vile, umwekee nini mle? Na mama mkwe, kwa kuwa sie hatumrudishii mtu chombo chake kitupu, alimjazia chake korosho za kukaanga.

Kijana wa Bukoba alitazama kapu lake, akatutazama.

“Mama zangu,” akasema, “mwenzangu alikuwa anarudi na vikopo vimejaa. Mimi nimekosa nini?”

“Hujakosa kitu, mwanangu,” mama mkwe akasema. “Ndiyo shida yenyewe. Mwenzako yuko wapi?”

Akatuambia. Mtani alikuwa ameondolewa kwenye kazi. Daktari mkubwa alikuwa amekwisha kuandika kwamba kijana ni hodari wa kitabu ila watu wanamchukia, hajui kukaa nao, hafai kwenda ng'ambo. Kesho, Ijumaa, angepanda gari moshi la saa sita mchana, la bara, mpaka Mwanza, avuke ziwa arudi chuoni.

Tulimpenda kuliko tulivyowapenda baadhi ya mashemeji zetu, na mie niliyekwapua mizani ndiye niliyeanza.

Ijumaa asubuhi tulijitanda kanga safi, mie na mama mkwe na jirani yetu mmoja mnene sana, tukaenda zahanati walikokuwa wameweka hadubini zao. Daktari mkubwa alikuwa amekaa mezani. Mbele yake kikopo wazi. Ndani yake korosho.

“Hi-i ni nini?” akauliza.

“Korosho, bwana,” mama mkwe akasema. “Hujaonja?”

“Niliomba choo.”

“Tunajua. Lakini ulituletea mtu wa heshima.”

Akaweka kalamu chini. Nikaona mama mkwe amekwama, nikaingia mie. “Bwana daktari, yule wa kwanza umwite arudi. Yule ni mtani wetu.”

“Mlimfunga.”

“Ndiyo.”

“Mlisema mtamla.”

“Huyu alisema,” nikamwonyesha mama mkwe. “Bwana, kama tungemchukia, tungemwamkia vizuri. Kama tunavyokuamkia wewe.”

Lile neno nililiona likimwingia taratibu, kama sindano ya chanjo. Akahesabu kichwani, nadhani, ni salamu ngapi nzuri alizopewa Temeke tangu afike. Akachukua korosho moja, akaitafuna. Akatazama saa.

“Bado siamini,” akasema. “Lakini twendeni. Mseme mbele yake.”

Sijawahi kupanda motokaa kabla ya siku ile. Jirani yetu mnene alikaa mbele, na kila tulipopinda alimwangukia daktari mkubwa begani, akawa anamwomba radhi kwa Kizaramo. Mama mkwe alishika mlango kwa mikono yote miwili kuuzuia usiende bila sie. Mbuzi wakikatiza anamwambia, “Mbuzi, bwana. Mbuzi mwingine, bwana.” Upepo ulinivua ushungi, mtoto mgongoni anapiga kelele za furaha, nami nikashikwa na kicheko kisicho na sababu kikanipeleka hivyo mpaka stesheni, na huku mtu wa watu ameharibikiwa kwa ajili yangu. Ndivyo nilivyokuwa.

Gari moshi lilikuwa limejaa, na limejaa nani? Wanyamwezi. Wametoka kwenye mkonge, wametoka bandarini, wanarudi kwao na masanduku na blanketi. Mtani wetu amekaa dirishani behewa la tatu, kaegemeza kichwa, kaptula ileile. Alipotuona hakuinuka.

Mama mkwe akasimama katikati ya watu, akaweka mikono kiunoni.

“Mpagazi wetu huyo anatoroka. Mshusheni, hajamaliza mzigo.”

Behewa zima likageuka. Mzee mmoja, ndevu nyeupe, akatoa kichwa dirishani. “Nani anatajataja wapagazi? Wazaramo mmeamka leo? Jua likiwa utosini?”

“Tuliamshwa na harufu yenu,” mama mkwe akasema.

Hapo stesheni ikawaka. Madirisha yote yakatoa vichwa. Mmoja akashuka akamvuta mama mkwe kanga ya kujitanda, akajifunga yeye. Mie nikamvua mwingine kofia nikaivaa. Jirani yetu mnene akakalia sanduku la mtu akasema hainuki mpaka wakiri kwamba Tabora nzima ni shamba la babu yake. Wazaramo waliokuwa wamekuja kusindikiza watu wao wakajitokeza wakajazia. Watu hawajuani, hawajawahi kuonana, wanatukanana kwa mapenzi kama ndugu waliopotezana. Askari wa stesheni alikuja na rungu, akasikiliza kidogo, akamuuliza mtu, “Hawa Wazaramo na Wanyamwezi?” kisha akarudi kivulini.

Daktari mkubwa alikuwa akizunguka kutafuta damu. Hakuiona. Akamwendea yule mzee wa ndevu.

“Mzee, unamjua mama huyu?”

“Sijamwona tangu nizaliwe, bwana.”

“Kwa nini unamtukana?”

Mzee akamshangaa. “Ni mtani wangu. Nikinyamaza atadhani nimemchukia.”

Yule mzungu akatoa kitabu kidogo mfukoni, akaandika, akakata, akaandika tena. Mzee naye akaona ni zamu yake kuuliza.

“Na wewe bwana ni Mwingereza?”

“Hapana,” akasema upesi. “Mskochi.”

“Mskochi. Watani wako nani?”

Tukasogea kumsikiliza. Akafikiri, masikio yanazidi wekundu. Kisha pembe za mdomo zikaanza kumcheza.

“Wa-ingereza,” akasema. “Wanasema sisi ni wachoyo. Tunasema wao…” Akalitafuta neno, hakulipata kitabuni mwake, akaonyesha kwa pua, akaiinua juu mpaka tukaona matundu. Mzee akapiga makofi. Daktari mkubwa akaanza kucheka, na kumbe alikuwa na kicheko cha ajabu, cha kuvuta ndani kama punda, ikawa hawezi tena kukizuia.

Kengele ya kwanza ikagonga. Akapita katikati ya watu mpaka dirisha la mtani wetu. Hakuzunguka maneno.

“Nimekosa. Shuka.”

“Na barua, bwana?”

“Nitaichana. Shuka kwanza.”

Lakini wenzake ndani wakamshika shati. Wakasema hatoki bure, Wazaramo walipe fidia, na waliyemtaka ni yule mwenye mtoto, aliyevaa kofia isiyo yake. Wakataka nicheze. Nikacheza. Kwenye jukwaa la stesheni, mchana kweupe, mtoto mgongoni, mabehewa matano ya Wanyamwezi yananipigia makofi na mkuu wa stesheni ananyanyua bendera na kuishusha asijue apulize filimbi au angoje. Nilicheza hasa. Sanduku la mtani likatolewa dirishani, kisha yeye mwenyewe, miguu kwanza.

Kazi ikaendelea. Kijana wa Bukoba akapewa hadubini, ndiko kulikomfaa, alikuwa anaona mdudu ambaye hata daktari mkubwa hajamwona. Vikopo vikarudi vimejaa, mpaka vya waliokuwa wamekataa. Safura ikaonekana nyumba kwa nyumba, kwetu pia, mama mkwe akanywa dawa chungu, akamtukana mtani kwa kila tone, na baada ya muda viganja vyake vikarudi rangi. Tukachimba vyoo virefu. Daktari mkubwa akawa anakuja mwenyewe, na siku moja jirani yetu mnene alimnyang'anya kofia. Jirani aliniambia daktari alisimama pale uani kichwa wazi, anatabasamu kama aliyepewa nishani.

Barua ilikuja wiki za mwisho. Ilikuwa ya Kizungu. Mtani akaileta uani akaisoma kwa Kiswahili, wanawake tumekaa kwenye mikeka, kazi imesimama. Ilisema mengi ya kitabu ambayo hatukuyafuata. Halafu ikasema: mwanafunzi huyu anajua kukaa na watu kuliko mwalimu wake, naomba aje chuoni kwetu mwaka ujao.

“Rudia hapo,” mama mkwe akasema.

Akarudia.

“Hatujasikia. Mnyamwezi anasoma kama anayebeba maji.”

Akarudia. Safari hii sauti ilimkatika katikati, akageuza uso upande wa banda. Hakuna aliyecheka. Wala hakuna aliyempa pole, maana pole wanapewa wageni.

“Analia huyo,” nikasema. “Ameshaona baridi ya huko.”

“Baridi itamfaa,” mama mkwe akasema, na yeye mwenyewe anajifuta macho kwa ncha ya kanga bila kujificha. “Itamkausha huo ulimi. Haya, soma. Anza mwanzo, na usiruke hata neno moja, tunakujua.”

Akapenga kamasi, akaishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaanza tena mwanzo.